Kiwavi Anayetazama Kushoto

Toleo lililopita niliandika ukurasa mmoja tu kuhusu wadudu katika vitabu vilivyochapwa Ulaya karne ya 16 na ya 17, nikadhani nimemaliza. Barua zenu zimenionyesha kwamba hata sijaanza. Nimechagua sita. Mlioniuliza kuhusu wino mniwie radhi, zamu yenu ni mwezi ujao.

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mchonga chapa. Nimeshika mbao, shaba na tindikali kwa miaka 31. Kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoujua, upande wa mkono.

Shikamoo Mwalimu. Kwenye maonyesho niliona nakala mbili za ukurasa uleule wa Maria Sibylla Merian, yule mchoraji wa wadudu wa karne ya 17. Kwenye moja kiwavi anapanda tawi akielekea kulia, na mistari ni myeusi iliyokolea. Kwenye ya pili anaelekea kushoto, mistari imefifia kama ya penseli, lakini rangi zake zinapendeza zaidi. Rafiki yangu anasema ya pili ni ya kughushi. Ni kweli? (Mwanafunzi wa Sanaa)

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amekosea, ila asione haya, maana hata watu wa kazi hii hutatizwa na jambo hilo mara ya kwanza.

Anza na bamba la shaba. Likishachongwa hupakwa wino, ukasukumwa ndani ya mifereji, kisha uso wa bamba ukafutwa mpaka ung'ae. Wino unabaki mferejini tu. Karatasi iliyolowanishwa hulazwa juu yake, vyote viwili vikapitishwa kati ya rola mbili zinazobana kwa nguvu nyingi. Karatasi inashuka mferejini na kuinyanyua ile mistari. Unachopata ni kinyume cha bamba, kama uso wako kwenye kioo: kiwavi uliyemchonga akielekea kushoto sasa anaelekea kulia. Kingo za bamba nazo huacha mstatili uliobonyea kwenye karatasi. Ukipata ruhusa ya kuugusa, utausikia kwa kidole.

Sasa njoo kwa Merian. Chapa ikiwa bado mbichi, wino haujashika, huchukuliwa karatasi nyingine iliyolowanishwa, ikalazwa juu ya ile chapa, si juu ya bamba, na kurudishwa mtamboni. Karatasi ya pili inanyonya sehemu ya wino wa ile ya kwanza. Hiyo ndiyo uliyoiona. Imegeuzwa mara mbili, kwa hiyo kiwavi amerudi kutazama kule alikotazama kwenye bamba. Mistari ni ya kijivu, laini, na ule mstatili uliobonyea hauonekani. Mimi huiita chapa ya mgeuzo. Ukitaka kuhakikisha, tafuta namba ya picha kama imechongwa kwenye bamba lenyewe: kwenye chapa ya kawaida inasomeka, kwenye chapa ya mgeuzo imekaa kinyumenyume.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Ni kwa ajili ya rangi. Vitabu hivi vilipakwa rangi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, na mstari mweusi hujitokeza chini ya rangi nyepesi kama mbavu chini ya ngozi ya ng'ombe aliyekonda. Kwenye chapa ya mgeuzo mstari unayeyukia ndani ya rangi, na bawa la nondo linabaki kuwa unga na kivuli, kama lilivyo kweli. Ndiyo maana rangi za ile nakala ya pili zilikupendeza zaidi. Macho yako yaliona sawa kabla hujajua sababu.

Niliwahi kujaribu mwenyewe, nikakawia kidogo nikitafuta kitambaa. Nilipolaza karatasi ya pili, wino ulikuwa umeshaanza kushika. Nikapata tumbo la nondo lisilo na miguu wala vipapasio. Tangu siku hiyo kila anayesema hii ni njia ya mkato namwambia ajaribu kwanza.

Wadudu wana bahati katika mambo haya ya kugeuzwa, kwa kuwa nondo aliyetandaza mbawa kushoto na kulia kwake ni sawa. Konokono hana bahati hiyo. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alipochora kombe la aina ya koni kwenye bamba mwaka 1650 alilichora kama alivyoliona, nalo likatoka kwenye karatasi likijizungusha upande ambao makombe hayo hayazunguki. Sahihi yake alikumbuka kuigeuza.

Mwalimu, mwanangu wa miaka 9 ameona picha za kitabu cha zamani cha wadudu, ndani yake mna buibui na nge. Shuleni ameambiwa mdudu ana miguu sita. Nimjibu nini? (Mama wa Mwenye Maswali)

Mwambie mwalimu wake yuko sahihi, na wale wazee nao hawakuwa wajinga. Neno la Kilatini *insectum* maana yake ni kilichokatwa, kwa jinsi mwili ulivyogawanyika vipande vipande. Kwa kipimo hicho buibui anaingia, nge anaingia, hata mnyoo. Ulisse Aldrovandi wa Bologna, aliyechapa kitabu chake kikubwa cha wadudu mwaka 1602, aliwakusanya wote humo. Hata Linnaeus, yule mtaalamu aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1758 bado aliwaweka buibui na kaa kundi moja na nzi. Na sisi tunaozungumza Kiswahili, buibui akipita ukutani tunapiga kelele tukisema nini? Mdudu! Mtoto ataelewa hapohapo.

Kwa nini wadudu wa vitabu vingine ni wanene, weusi, wamebanwa katikati ya maneno, na wa vitabu vingine wana vinyweleo na wamepewa ukurasa wao peke yao? Ni tofauti ya kipaji? (Msomaji wa Siku Nyingi)

Kipaji kina sehemu yake, ila sababu kubwa ni ubao na shaba.

Mchoro wa ubao hupatikana kwa kuondoa. Ukitaka mstari, unachimba pande zake mbili na kuuacha umesimama kama ukuta. Fikiria basi mguu wa nyuma wa panzi, na ile miiba iliyojipanga kama meno ya msumeno. Kila mwiba ni ukuta mwembamba wa mti. Mimi niliwahi kuchonga miiba kumi na miwili, nikafika wa kumi, patasi ikateleza, ikang'oka mitatu pamoja. Ubao hauna cha kurudisha. Kwa hiyo mchongaji mwenye akili hupunguza miiba, akanenepesha mguu, akaendelea na kazi. Wadudu wa Aldrovandi walichongwa hivyo, na wale wa Thomas Moffet, ambaye kitabu chake cha wadudu kilichapwa London mwaka 1634, miaka 30 baada ya yeye kufa.

Faida ya ubao ni kwamba mstari uliosimama una kimo sawa na herufi za risasi. Unaupanga pamoja na maneno, unapaka wino mara moja, unachapa mara moja. Ndiyo maana panzi wako amebanwa katikati ya maelezo yake mwenyewe, na mimi napenda sana ukaribu huo.

Shaba ni kinyume: mstari ndio unaochimbwa. Kinyweleo kimoja ni mkwaruzo mmoja wa chuma chenye ncha kali, basi. Au unapaka bamba nta, unachora kwa sindano, unalitumbukiza kwenye tindikali ikala pale sindano ilipopita. Unaweza kuweka vinyweleo mia kwenye mgongo wa nyuki kabla chai haijapoa. Ila shaba inataka mtambo wake wa rola, haikai kitanda kimoja na herufi, na mara nyingi picha zikachapwa kwenye karatasi zake pembeni.

Ukitaka kuona shaba ilivyofungua mlango, tafuta *Archetypa*, mkusanyo wa picha wa mwaka 1592, uliochapwa Frankfurt. Jacob Hoefnagel alikuwa kijana wa miaka 19 hivi, akafuata michoro ya baba yake, Joris. Kuna picha 48 ukiacha kurasa za vichwa. Nzi, mbawakawa, viwavi na maua wametawanyika kwenye karatasi kana kwamba wametua tu, na wengine wana kivuli kidogo chini ya miguu. Kivuli hicho hunikamata kila mara. Kwa mistari mitano au sita ya mlalo, karatasi inageuka meza na nzi anaweza kuruka. Baba mtu alikuwa na mapenzi ya ajabu na viumbe hawa: katika kitabu chake cha michoro ya rangi, kwenye ukurasa mmoja wa kereng'ende alibandika mbawa za kereng'ende halisi.

Na Wenceslaus Hollar, tafadhali msimpite. Mwaka 1646 alitoa seti ndogo ya wadudu iliyochapwa Antwerp. Hakuna majani wala hadithi, ni vipepeo na mbawakawa kwenye karatasi tupu. Lakini hakuna mtu aliyejua kuyaonyesha manyoya ya shingo ya nondo kwa sindano kama yeye.

Robert Hooke alimchoraje kiroboto mkubwa kama paka? Hadubini za wakati ule si zilionyesha kipande kidogo tu? Na kiroboto alitulia vipi? (Mwalimu wa Sayansi)

Swali zuri, mwalimu mwenzangu, kwa sababu linagusa kitu ambacho picha ile inakificha. Katika *Micrographia*, kitabu cha mwaka 1665 cha Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, kiroboto yuko kwenye karatasi ya kukunjua yenye urefu wa zaidi ya sentimita 40. Unaikunjua na mnyama anatoka nje ya kitabu. Samuel Pepys wa London alikaa nacho usiku mpaka saa nane akikisoma, na akaandika hivyo kwenye shajara yake.

Lakini hakuna aliyewahi kumwona kiroboto huyo kwa mtazamo mmoja. Hooke mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba hakuanza kuchora mpaka awe amekiangalia kitu mara nyingi, katika mwanga mbalimbali na mikao mbalimbali. Akatoa mfano wa jicho la nzi: kwenye mwanga mmoja linaonekana kama kimia chenye matundu, kwenye jua kama uso uliopigiliwa misumari ya dhahabu, likikaa vingine kama piramidi, vingine tena kama koni. Lipi ndilo jicho? Ilimbidi aamue. Alihesabu karibu vijicho 14,000 kwenye kichwa kimoja, na kila kimoja kikaakisi dirisha lake na vilivyokuwa nje ya dirisha. Kwa hiyo picha ile ni majuma ya kutazama yaliyokusanywa kwenye bamba moja. Wanaoiita picha ya papo kwa papo wanampunguzia sifa.

Kuhusu kutulia, mwenye matata zaidi alikuwa sisimizi. Hooke alimgandisha miguu kwa nta, akawa anajipindapinda mwili hata hachoreki. Alipomuua, umbo likaharibika. Mwisho akamtia kwenye pombe kali. Sisimizi akalewa chakari, akalala kama saa moja, na Hooke akapata nafasi ya kumtazama. Kisha akazinduka na kukimbia. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waitazame miguu ya sisimizi yule kwenye picha, jinsi ilivyolegea. Mchoro umetunza hata ulevi.

Ila Hooke hakuwa wa kwanza. Mwaka 1625 mjini Rome, wataalamu wawili, Federico Cesi na Francesco Stelluti, walitoa karatasi kubwa ya nyuki watatu waliotazamwa kwa hadubini: mmoja kwa juu, mmoja kwa chini, mmoja kwa ubavu. Walikipata chombo hicho kwa Galileo, aliyempelekea Cesi mwaka mmoja kabla. Nyuki watatu walikuwa ndiyo nembo ya ukoo wa Papa Urban VIII, na zawadi ilikuwa yake. Kwa hiyo mpangilio wa nyuki ni wa nembo, na vinyweleo ni vya sayansi. Vyote viwili vilitoka kwa chuma kilekile.

Mwalimu, kwa heshima zote. Huyo Merian mnayemsifu alichora mdudu asiyekuwepo. Tena waliomhudumia huko Suriname walikuwa watumwa. Tumwamini kwa lipi, na tumsifu kwa lipi? (Msomaji Mwenye Shaka)

Ndugu yangu, shaka yako ina haki, nami sitaikwepa.

Ukweli kwanza. Katika kitabu chake cha mwaka 1705 kuhusu Suriname, koloni la Uholanzi huko Amerika ya Kusini, kuna picha yenye nyenje na yule mdudu wa kichwa kirefu aitwaye mdudu wa taa. Mmoja wao ana mwili wa nyenje na kichwa cha mdudu wa taa. Kiumbe huyo hayupo. Aliambiwa na wenyeji kwamba nyenje hugeuka kuwa mdudu wa taa, akaandika hivyo. Akaandika pia kwamba mdudu huyo hung'aa usiku hata mtu aweze kusomea gazeti. Hang'ai. Linnaeus baadaye alimpa jina la taa, na jina limebaki mpaka leo juu ya mdudu asiye na mwanga.

Makosa ya aina hii yalisafiri kwa urahisi kwa sababu ya chapa. Mchoro mmoja ukikosea, umekosea peke yake. Bamba likikosea, limekosea mara mia kadhaa. James Petiver wa London alichapa mwaka 1702 picha ya kipepeo wa ajabu mwenye madoa, Linnaeus akampa jina la kisayansi, na ni mwaka 1793 tu Fabricius, mtaalamu wa wadudu, alipogundua kwamba madoa yalikuwa yamepakwa rangi kwenye mbawa za kipepeo wa kawaida wa manjano.

Sasa kwa nini nawaamini wengi wa wadudu wa Merian? Kwa sababu aliwalisha. Alianza na viwavi wa hariri akiwa na miaka 13. Katika kitabu chake cha viwavi cha mwaka 1679, chenye picha 50 alizozichonga mwenyewe, kila ukurasa una mmea ambao kiwavi anaula, yai au kiwavi, kifukofuko, na kipepeo au nondo anayetoka. Wengine kabla yake waliwapanga wadudu waliokaushwa kama vifungo dukani. Yeye alijua kila kiwavi anakula nini, maana alikwenda kutafuta majani hayo kila siku. Hili huwezi kulibahatisha. Ukikosea jani, kiwavi anakufa.

Na alichora hata yaliyomtatiza. Mara nyingine alingoja nondo, vikatoka vijinzi na vijinyigu. Jan Goedaert wa Middelburg, aliyefuga viwavi kabla yake, alidhani kiwavi wa aina moja anaweza kuzaa vyote viwili, kipepeo au inzi. Leo tunajua ni watoto wa nyigu na nzi waliotaga mayai yao juu ya kiwavi au ndani yake. Ila wote wawili, pamoja na kutoelewa, walichora kilichotoka. Hawakukificha ili ukurasa upendeze. Mtu wa namna hiyo akikosea, kosa lake unaweza kulikuta na kulisahihisha.

La watumwa ni zito zaidi. Merian alisafiri mwaka 1699, akiwa na miaka 52, pamoja na binti yake Dorothea, akarudi Amsterdam mwaka 1701 akiwa mgonjwa. Wenye mashamba ya miwa walimcheka kwa kutafuta kitu kingine zaidi ya sukari. Msituni hakupita peke yake: aliandika mwenyewe kwamba watumwa walitangulia na mashoka kumfungulia njia. Majina yao hayamo kitabuni. Mwanamke mwenyeji wa huko alisafiri naye kurudi Uholanzi, na jina lake nalo halimo. Haya yanaumiza, na mimi nikifungua kitabu kile nayaona kwanza, kabla ya nanasi la ukurasa wa mwanzo na mende wake.

Lakini sauti zao hazikufutika zote. Kwenye ukurasa wa ua la tausi ameandika alichoambiwa na wanawake watumwa: kwamba walitumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Juu ya shina kuna kiwavi wa kijani, amechorwa kwa uangalifu uleule. Sijui ukurasa mwingine wa wadudu ambao ni mgumu kuutazama kama huo. Nakuomba uutazame, kisha uniandikie tena.

Nikuongezee jambo moja la karakana. Katika picha 60 za kitabu hicho, alizochonga Merian kwa mkono wake ni 3 tu. Nyingine zilichongwa na wachongaji wa kulipwa, wakiwemo Joseph Mulder na Pieter Sluyter. Kwa hiyo kati ya jicho lake na jicho lako kuna mkono wa tatu ambao haukuwahi kuliona tawi lile la mpera, wala buibui aliyemkamata kolibri, yule ndege mdogo sana, juu yake. Mulder alichonga alichopewa, na alikichonga vizuri sana.

Mimi ni mstaafu wa miaka 70, sijawahi kuchora. Nianze na mdudu gani? (Babu Anayeanza)

Shikamoo babu. Usianze na kipepeo. Anza na kiwavi.

Mchukue pamoja na jani ulilomkuta akilila, na uukumbuke mti, maana atataka majani ya mti huohuo mpaka mwisho. Mtie kwenye chupa ya mdomo mpana, ufunike kwa kitambaa, ubadilishe majani kila siku na kutoa kinyesi. Mchore kila asubuhi kwenye karatasi ileile, mmoja chini ya mwingine. Usisahau kuchora tobo alilokula kwenye jani, lina umbo lake. Penseli inatosha. Shaba tutazungumza baadaye, mimi na wewe.

Siku moja ataacha kula, kinyesi kitakuwa cha majimaji, naye atazungukazunguka chupani kama anatafuta mlango. Usimtupe ukidhani ni mgonjwa. Mwekee kijiti. Akishajifunga, andika tarehe na umtazame kila siku. Gamba likianza kuwa jembamba na rangi za mbawa zikaonekana kwa ndani, weka karatasi na penseli kando ya chupa usiku huohuo. Wengi hutoka asubuhi, mbawa zimekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, na kabla hazijanyooka na kukauka utakuwa na saa moja hivi ya kumchora.